Tuonyesheni Mlango wa Bweni

Sisi ni wazazi wa Kitui na Makueni. Wengine tunauza ndengu, wengine maembe, wengine tunachoma matofali, wengine tuko kwenye bodaboda, na wapo walimu miongoni mwetu ambao watoto wao wako mikononi mwa walimu wenzao. Karo tunalipa, kwa kuungaunga lakini tunalipa. Nung'uniko letu tumelisema chinichini vya kutosha, kwenye foleni ya benki, kwenye vikao vya chama, nje ya kanisa baada ya ibada. Sasa tunalisema wazi: mtoto akishavuka lango la shule ya sekondari, mzazi hatakiwi tena kujua analala wapi, anachapwa na nani, anaoga maji ya wapi, wala mlango wa bweni lake unafunguka kuelekea wapi. Habari tunazoletewa bila kuomba ni mbili tu, salio la karo na alama za mtihani.

Mbuzi akichinjwa Wote au Kabati, nyama haining'inizwi buchani kabla ya kukaguliwa na kupigwa muhuri. Matatu hupelekwa ukaguzini kila mwaka, ikipita inabandikwa stika kwenye kioo, na abiria yeyote anaweza kuisoma. Bweni wanamolala watoto mia moja halina muhuri wala stika. Kama lilikaguliwa, ripoti imo kwenye faili ya mtu. Kama halikukaguliwa, tutajua siku ya msiba.

Mambo haya hatuyasemi kwa kusimuliwa. Usiku wa Jumapili tarehe 25 Machi 2001, kuelekea alfajiri ya Jumatatu, wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos hadi mwaka 1992, na mpaka uliochorwa haukukata undugu. Waliofiwa ni wajomba zetu, wakwe zetu, watu tunaokutana nao sokoni Emali hadi leo. Petroli ilimwagwa na kuwashwa na mikono ya watu, na hilo ni kosa la aliyelitenda. Lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Watoto wakasongamana kwenye mlango uliobaki. Kinachotuuma zaidi ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Miaka 3 kabla, Machi 1998, wasichana 26 walikuwa wamekufa kwa moto Bombolulu, Kwale, na huko pia kilio kilikuwa cha milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma. Nchi ilikuwa imekwisha kuonywa.

Baada ya Kyanguli tuliahidiwa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na kusema kweli ni mwongozo mzuri. Aliyeuandika alijua watoto hufaje. Unasema kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2. Njia ya katikati iwe mita 2. Mlango uwe na upana wa futi 5, ufunguke kwenda nje, na usifungwe kwa nje hata siku moja watoto wakiwa ndani. Kuwe na mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kuwe na vizimamoto. Mambo yote haya yamo kwenye karatasi kwa miaka zaidi ya 15. Septemba 2017 wakafa wasichana 10 katika Shule ya Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024 wakafa wavulana 21 Hillside Endarasha, Nyeri, watoto wadogo wa shule ya msingi. Kila baada ya msiba tunatangaziwa msako, maafisa wanazunguka na madaftari, magazeti yanapiga picha, kisha muhula unaisha.

Basi sikiliza alichokiona mmoja wetu, fundi seremala, siku ya kufungua shule. Hatutaji shule. Mwanawe alikuwa ameteguka mguu na sanduku la bati lilikuwa zito, kwa hiyo matroni akamhurumia mzee akamruhusu kulibeba hadi ndani. Mfukoni alikuwa na tepu yake ya kazi. Alipima. Kati ya kitanda cha mwanawe na cha jirani palikuwa na sentimita 45. Mtu mzima hupita ubavuubavu. Vitanda vilikuwa vya ghorofa tatu, na wa juu kabisa akinyoosha mkono anagusa mabati. Masanduku yalikuwa yamepangwa kwenye njia ya katikati kwa kukosa mahali pengine. Mlango wa mbele ulikuwa wa ubao mmoja, ukifunguka kwenda ndani, na kwa nje una komeo la chuma na kufuli kubwa lililoning'inia wazi, likisubiri usiku. Mlango wa nyuma ulikuwepo. Nyuma yake palikuwa pamepangwa magodoro ya zamani hadi nusu ya ubao. Kizimamoto alikiona pia, chekundu, kipya, kimetundikwa ukutani nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Alipotoka alitueleza langoni, tepu bado iko mkononi, na hakuna aliyecheka.

Tulipouliza, tulijibiwa kwa upole, na tunataka kuwa waadilifu: jibu lina uzito wake. Mkuu wa shule alisema wavulana huruka ua usiku kwenda kunywa, na watu wa nje huingia. Akipotea mtoto mmoja, atakayeitwa kituoni ni yeye. Kwa hiyo anafunga. Tunamwelewa. Lakini mwongozo haukusema milango isifungwe ila pale wavulana wanapokuwa watundu. Dawa ya kuruka ua ni ua, taa, bawabu wa usiku anayelipwa mshahara wa mtu, na mwalimu wa zamu anayelala shuleni kweli, ambaye amepewa nyumba ya kulala. Vyote hivyo vinagharimu fedha. Kufuli ni shilingi mia chache, na ndiyo maana limeshinda.

Na fedha zenyewe tuzizungumze. Serikali iliahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma kwa mwaka. Ndani yake mna shilingi 5,000 za ukarabati na uboreshaji wa majengo. Shule ya watoto 400 ingekuwa na milioni 2 kila mwaka za kugeuza mlango ufunguke nje, kung'oa vyuma, kuongeza bweni. Tunaambiwa fedha huja kwa mafungu, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu. Kila mkutano wa wazazi tunaokwenda, mkuu wa shule hutuambia fungu halijaja, au limekuja pungufu. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba bajeti haimudu kiwango chote, na kinachofika ni kama shilingi 16,900. Pengo hilo huzibwa na nani? Na sisi, kwa jina jipya kila muhula: mara pesa za motisha, mara za basi, mara za ujenzi. Tunachanga. Bweni linabaki lile lile.

Isitoshe, moto ukiwaka huku kwetu hakuna wa kutukimbilia. Katiba ya 2010 imewapa magatuzi kazi ya kuzima moto. Kitui ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Kutoka Kitui mjini hadi Tseikuru ni zaidi ya kilomita 100, na barabara wanaoipita wanaijua. Hata gari la zimamoto likiwa na maji, mafuta na dereva aliye macho, bweni la vitanda vya ghorofa na magodoro ya sponji litakuwa limekwisha zamani. Mtoto wa Tseikuru, wa Mutha au wa Mtito Andei ataokolewa na mlango, au hataokolewa. Ndiyo sababu tunaung'ang'ania mlango kuliko hotuba.

Lakini bweni si jengo tu. Watoto wanaochoma shule hatuwatetei. Aliyewasha moto wenzake wamelala ametenda jambo ambalo hakuna mzazi anayeweza kulifunika. Tunauliza tu kwa nini wanafika huko bila mtu mzima kujua. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inasema asiadhibiwe mwanafunzi kwa mateso ya mwili wala ya akili, na atakayefanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi 6. Watoto wetu wanarudi likizo na michirizi mgongoni. Mbaya zaidi ni viranja kupewa fimbo, na watoto wa kidato cha nne kuwafanya wageni watumwa wao: mono, kama mgeni anavyoitwa, atafua nguo za mwenzake, atampa mkate wake, atalala chini akiamriwa. Akisema kwa mwalimu, usiku atakiona. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo kwenye orodha, ila ana vipindi darasani kama wengine wote, na chumba cha kumsikilizia mtoto faraghani hana. Mtoto atamsemea nini mbele ya chumba cha walimu kilichojaa?

Kwa wasichana kuna mengine. Ukame wa misimu 5 mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, ulitufundisha sote thamani ya jerikeni moja. Shule nyingi za huku hazina maji ya mfereji. Tangi likikauka, wasichana hutumwa mtoni kuchimba mchangani, jioni, wakiwa na sare zao, mahali ambapo wachimba mchanga na wachunga mifugo wapo. Choo kisicho na mlango ni kitu cha kawaida kiasi kwamba wasichana huenda wawili wawili, mmoja asimame akinge na leso. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa ili kila msichana wa shule ya umma apewe sodo bila malipo. Binti zetu huzipata muhula huu, wakazikosa miwili ifuatayo. Na ukimwuliza mama yeyote wa Zombe au Kathonzweni atakwambia jinsi kukosa kitu cha bei ya mkate kunavyomfanya msichana kukubali lifti ya bodaboda, kisha pesa kidogo, kisha mambo mengine.

Mimba ikitokea, watu wawili huadhibiwa, msichana na mtoto wake. Mwongozo wa kitaifa wa 2020 unasema msichana aliyejifungua arudi shuleni bila masharti ya kumdhalilisha. Mmoja wa binti zetu alirudi. Mbele ya gwaride la Jumatatu aliambiwa asiwafundishe wenzake alichokifanya. Hakurudi tena Jumatatu iliyofuata. Aliyempa mimba alikuwa mtu mzima mwenye familia. Wazee walikaa chini ya mwembe, mbuzi wakahesabiwa, kesi ikaisha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiujui mwembe huo: aliyemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hafungwi chini ya miaka 20, na wa miaka 16 hadi 18 hafungwi chini ya miaka 15. Mwalimu aliyetumia cheo chake kumfikia mwanafunzi ana kifungu chake ndani ya sheria hiyo hiyo. Wazee wanaopokea mbuzi kwa jambo hili wanamsaidia mhalifu kumtafuta mtoto mwingine, na chifu anayeketi nao anajua hivyo.

Kuna mama kati yetu ambaye binti yake anatumia kiti cha magurudumu. Alifanya vizuri, akaitwa shule nzuri. Siku ya kuripoti walikuta madarasa ya mwaka wake yako ghorofani, maabara ina ngazi 4, na njia ya chooni ni kokoto na mawe. Wasichana wenzake, Mungu awabariki, walimbeba. Walimbeba darasani, maabarani, na chooni pia. Alijizuia kunywa maji mchana kutwa ili asiwasumbue, hadi akaugua figo. Mama aliitwa akaambiwa, kwa lugha ya heshima sana, "Mwaitu, ni heri umtafutie shule maalum." Ngazi 4 za maabara zingefunikwa na zege kwa siku moja. Tuna mafundi, tuna mchanga, wengine wanatoka Nairobi kuja kuuchota mchanga wetu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kufika kila mahali, na sera ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu inataka asome na wenzake pale pale jirani. Mtoto kiziwi hali yake ni ngumu zaidi, maana mkalimani wa lugha ya ishara hajengwi kwa zege. Na mtoto mwenye ualbino kwenye jua la Kibwezi anaambiwa avue kofia kwa sababu si sehemu ya sare. Kofia!

Wanaosema basi wote wawe wa kutwa wasome karibu na nyumbani, tunawasikia, na wengine wetu tumefanya hivyo. Ila njia nayo ina mauti yake. Tarehe 4 Desemba 2021 basi la seminari lililobeba wanakwaya na jamaa wakielekea arusini lilizama mto Enziu, karibu na Mwingi, likaua watu zaidi ya 30 mbele ya macho ya waliosimama kingoni. Mito yetu ni mchanga mtupu miezi mingi, kisha siku moja inajaa bila mvua kunyesha ulipo. Watoto wa shule huvuka humo asubuhi na jioni. Upande wa Kibwezi na Mtito Andei, karibu na Tsavo, ni ndovu. Kanuni za elimu za 2015 zinasema masomo ya kutwa yaanze saa 2 asubuhi, lakini shule zinawataka watoto wawe wamekaa darasani saa 12 kamili. Ili ufike saa 12 kwa miguu, unatoka nyumbani saa 10 na nusu, gizani, kwenye kichaka ambacho ndovu bado hajaondoka. Amri ya kuripoti saa 12 ingeweza kufutwa leo na mtu mmoja kwa sentensi moja. Haihitaji bajeti.

Kinachotuudhi kuliko vyote ni hili la kufungiwa lango. Shule hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Nyingi zilijengwa na mama zetu na baba zetu kwa mwethya, kazi yetu ya ujima, na harambee, wakibeba maji kichwani ya kuchanganyia saruji, wakichoma matofali, wakitoa kuku na mayai mnadani. Kuna wazee hapa wanaoweza kukuonyesha ukuta walioujenga kwa mikono yao. Leo mzazi akifika anasimamishwa na bawabu, aonyeshe risiti ya benki kwanza. Tunajua mwongozo wa usalama unakataza wageni kuingia mabwenini, na tunaukubali. Hatutaki watu wazurure wanakolala watoto. Lakini kuingia siku moja kila muhula, wazazi watatu au wanne waliochaguliwa, pamoja na mjumbe wa bodi na matroni, tepu mkononi, ni kitu kingine kabisa. Huo ni ukaguzi. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili au Kikamba kwenye karatasi moja na kubandikwa langoni: milango mingapi, inafunguka wapi, nafasi kati ya vitanda, kizimamoto kipo au hakipo, vyoo vyenye mlango ni vingapi, tangi lina maji au limekauka, tarehe na sahihi. Shule ambayo haijafika kiwango isipokee kidato kipya cha bweni hadi itengeneze. Mwaka wa 2026 shule zimepokea Gredi 10 kwa mara ya kwanza chini ya mtaala mpya, na watoto wamesambazwa mbali na kwao. Hapangekuwa na wakati bora wa kuanza.

Waziri wa Elimu, wabunge wetu wa maeneo bunge 8 ya Kitui na 6 ya Makueni, na magavana wawili: hazina ya maeneo bunge inajenga mabweni kila mwaka, na majina yenu huandikwa kwenye bamba la ukutani kwa rangi nzuri. Kabla ya kukata utepe, fungueni mlango wa nyuma wenyewe kwa mkono, mbele yetu. Usipofunguka, msikate.

Na wewe mzazi mwenzetu, muhula ukifunguliwa usiishie langoni na sanduku. Omba kuonyeshwa bweni. Wakikukatalia, waite wengine mwombe pamoja, kwa adabu, na mwandikie bodi ya shule barua yenye tarehe, mbaki na nakala. Mtoto akirudi nyumbani mkimya kuliko kawaida, mtazame mgongo. Na kama kuna linalomhusu mtoto yeyote, wako au wa jirani, piga 116. Simu hiyo hailipishwi.